Nilivyomfuata babu kwenye sanduku la bati

Yote yalianza na fundi wa makaburi. Shangazi alikuwa ameamua kwamba kaburi la babu, lililokaa miaka na miaka na msalaba wa mti, lijengewe kabla yeye mwenyewe hajaitwa. Saruji ikanunuliwa, fundi akaja, akakaa juu ya ndoo aliyoigeuza, penseli sikioni, akauliza: "Marehemu niandike kazaliwa lini?"

Shangazi akasema 1906. Baba mdogo akasema haiwezekani, basi babu angekwenda vitani na mvi. Mzee mmoja jirani akasema yeye anachojua ni kwamba mwaka wa nzige babu alikuwa tayari kijana wa kutumwa mbali. Fundi aliwasikiliza, akakunja kikaratasi chake, akasema tukikubaliana tumpigie, ana kazi nyingine Mbinga.

Mzigo ukaniangukia mimi kwa sababu mbili: ninaishi Dar es Salaam, na simu yangu ina kamera nzuri. Kwa ukoo wetu hizo ni sifa tosha za mwanahistoria.

Nilichokuwa nacho kichwani ni kidogo. Babu alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (K.A.R.), jeshi la Waingereza huku kwetu, alipigana Burma, ambayo yeye aliita Bama, akafariki nikiwa darasa la pili. Watoto tuliambiwa alipigana na Hitler. Ninachokumbuka kwa macho yangu ni kwamba mvua ikinyesha alikuwa akipandisha suruali na kujikagua miguu, mmoja mmoja, kuanzia kifundoni mpaka gotini. Tulidhani ni uzee.

Sanduku la bati lilikuwa chini ya kitanda cha shangazi, kama lilivyokuwa chini ya kitanda cha bibi kabla yake. Ndani mlikuwa na bunda la risiti za kodi lililofungwa kwa kamba ya katani, kadi ya ubatizo, kadi ya TANU, kipande kimoja cha kazi ya mkonge, na medali mbili ndani ya soksi. Wazee wa kizazi kile hawakutupa karatasi yenye mhuri. Ukikutwa njiani huna risiti ya kodi, ulikuwa unalala boma.

Karatasi kubwa kuliko zote, ya kuachiwa jeshi, haikuwa sandukuni. Ilikuwa ukutani, sebuleni kwa binamu yangu. Miaka kadhaa nyuma, kwa nia njema kabisa, aliipeleka steshenari moja ikapigwe laminesheni "isiharibike". Mashine ikaikamata karatasi iliyokuwa imekunjwa mara nne kwa zaidi ya miaka 40, ikaikata palepale kwenye mkunjo na kuifunga hivyo moja kwa moja, vipande vikiwa vimepishana kwa upana wa punje ya mchele. Na kwenye hiyo punje ya mchele ndipo ilipokuwa namba ya kikosi. Unaona 6, kisha mabano yenye T.T., yaani Tanganyika, kisha K.A.R. Tarakimu iliyotangulia imebaki kijiupinde tu kwa juu.

Ungedhani tarakimu moja si kitu. Lakini Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyopigana Burma, ilikuwa na vikosi viwili vya Tanganyika, cha 26 na cha 36, kimoja Brigedi ya 25 na kingine Brigedi ya 26. Na kijiupinde kile kinafaa kwa 2, kinafaa kwa 3. Nilikikuza kwenye simu mpaka kikawa ukungu.

Tangu siku hiyo nikawa mkali. Karatasi haiguswi kabla ya kupigwa picha mbele na nyuma. Haikunjuliwi kwa nguvu. Haipigwi laminesheni, haibandikwi selotepu, haikunjwi tena, inalala bapa ndani ya bahasha. Nilihubiri hadi shangazi akaanza kuniita paroko.

Risiti nilizitandaza kwenye mkeka kwa kufuata miaka, nikachora jedwali kwenye daftari la shule: mwaka, jina lilivyoandikwa, jina la baba, jumbe, mhuri wa wapi. Hiyo safu ya jina ndiyo iliyonipotezea wiki nzima. Jina lake halisi silitaji hapa, shangazi hataki. Tuseme aliitwa Meinrad, maana lilikuwa la aina hiyo. Wabenediktini walioanzisha misheni ya Peramiho mwaka 1898 waliwamwagia Wangoni watakatifu wa Uswisi na Ujerumani, na mpaka leo ukikutana na Meinrad au Burkard huna haja ya kumuuliza kwao wapi. Basi kwenye risiti huyo Meinrad hayupo. Karani wa boma aliandika jina la nyumbani. Kwenye kipande cha mkonge kuna jina la ukoo na namba. Jeshini aliandikwa Menlad, na jina la baba yake likageuzwa kuwa la ukoo, likakosewa herufi mbili. Kila karani alimzaa upya. Kilichonisaidia ni kuacha kumtafuta yeye na kumtafuta baba yake, maana jina la baba lilirudi karibu kila mahali, hata lilipokuwa limevunjwa.

Jedwali lilipokamilika, mambo mawili yakajitokeza. La kwanza, risiti zinakatika 1941 na kurudi 1947. Hiyo ni vita na kurudi kwake, hakuna wa kubisha. La pili lilimuudhi shangazi: risiti ya 1938 na ya 1939 zina mhuri wa Tanga. Kwa habari za nyumbani, babu hakuwahi kutoka Ungoni mpaka alipochukuliwa jeshi. Kumbe alikuwa manamba.

Hilo neno kwetu linauma. Manamba ni mtu wa namba, aliyepandishwa lori kwenda kukata mkonge, na waliorudi wengi hawakupenda kusimulia. Nikakichukua kile kipande na kukitazama vizuri. Ni kadi ngumu yenye miraba 30. Ukimaliza ngwe ya siku, umekata majani na kuyafunga mafungu na kuyapanga kando ya reli ndogo, msimamizi anatia alama mraba mmoja. Miraba yote 30 ilitakiwa ijae ndani ya siku 42, ndipo ulipwe. Usipoimaliza, jasho lako liko mashakani.

Kadi ya babu ina alama 19. Imeanza Agosti 1939.

Nilikaa na ile kadi muda mrefu. Mtu aliyevumilia siku 19 anaachaje zilizobaki 11? Kisha nikakumbuka tarehe. Vita vilitangazwa Septemba 3 mwaka huo, na Waingereza wakawakamata Wajerumani waliokuwa Tanganyika, wakiwemo wenye mashamba ya mkonge, mali zao zikawekwa chini ya msimamizi wa mali za adui. Jina la shamba lililopigwa chapa juu ya kadi ni la Kijerumani. Mimi nimejiridhisha kwamba babu alipoteza mshahara wa siku 19 kwa sababu tajiri wake alifungwa, na kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza Hitler kumgusa. Baba mdogo aliposikia alicheka hadi akakohoa. Shangazi hakucheka. Alisema kama ni hivyo, basi kamba ya katani iliyofunga zile risiti alitoka nayo huko. Sikuwa nimeiwaza hiyo.

Nyaraka za Taifa, Upanga, nilikwenda mara mbili. Kwenye kitabu cha wilaya ya Songea nilimkuta jumbe wetu, nikawakuta machifu na orodha za ukoo wa kitawala. Babu hayumo. Mtu mdogo humpati huko, mtu mdogo yuko kwenye risiti yake.

Mwaka wa kuzaliwa nilianza kuutafuta kwa mdomo. Shangazi alikuwa na maneno ya bibi yake, yaani mama wa babu: kwamba alikimbilia porini na babu mgongoni wakati wa vita, na walipotoka porini wakakuta homa, ikamchukua mtoto mkubwa. Shangazi aliposikia "vita" alidhani Maji Maji, ndiyo maana akabaki na 1906, kwa kukadiria kutoka 1907. Lakini kwetu ukisema vita peke yake bado hujasema kitu. Waingereza waliingia Songea Septemba 1916, watu wakakimbia. Von Lettow-Vorbeck akarudi kutoka Msumbiji akapita Ungoni Oktoba 1918, wakakimbia tena. Iliyofuatwa na homa ni hii ya pili, maana mwishoni mwa 1918 ndipo mafua makubwa yalipopita yakifagia vijiji. Mtoto wa mgongoni Oktoba 1918 hawezi kuwa na zaidi ya miaka mitatu, hata kama mama ana mgongo wa chuma. Karatasi ya jeshi nayo inasema alipoandikishwa 1942 alionekana kuwa na miaka 25. Hapo nikaanza kupumua.

Paroko alinifungulia kitabu cha ubatizo, kizito kama tofali, mistari yote Kilatini. Namba iliyokuwa kwenye kadi ya babu ilitupeleka moja kwa moja kwenye ukurasa. Kabatizwa mkubwa, kijana wa shule ya misheni, mwaka 1930, na pembeni umri wa kukisia: 14. Chini yake jina la baba, limeandikwa sawasawa kwa mara ya kwanza, likifuatiwa na herufi tatu: pag. Shangazi akauliza hizo ni nini. Nikasema, mpagani. Akanyamaza, kisha akasema baba yake babu alikuwa mtu wa kutambika mvua na watu walikuja kwake kutoka mbali, na huyo padri angemuuliza kwanza. Paroko, kijana wa juzi, akamwomba radhi kwa niaba ya mtu aliyekufa zamani.

Basi 1916. Ubatizo, jeshi na mgongo wa mama vyote vinakutana hapo au jirani yake. Ningeweza kumpigia fundi siku hiyohiyo, lakini 26 na 36 ilikuwa imeniganda.

Medali hazikunisaidia. Moja ni nyota ya Burma, shaba nyeusi yenye ncha sita, na nyingine ni ya mviringo, ina simba amemkanyaga joka la vichwa viwili. Nilizungusha ukingo wake chini ya taa nikitafuta jina. Hakuna. Medali za vita hivyo Waingereza waliwapa watu wao bila kuchonga majina, ziwe za kapteni au za mpishi.

Jibu lilikuwa limekaa mbele yangu siku zote, linakunywa chai. Baba mdogo ana jina ambalo hakuna mwingine nalo kwenye ukoo wetu, wala kwa mama yake. Nilikuwa nimelizoea. Siku moja nikamuuliza katika kupita tu, hili jina lako la nani? Akasema la rafiki wa babu, walikuwa pamoja Bama, hakurudi.

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ina orodha ya waliokufa, inapatikana kwenye intaneti, bure. Babu alirudi, kwa hiyo sikuwahi kufikiria kuipekua. Usiku ule nilijaribu jina la baba mdogo kwa tahajia yake, halikutoka. Nikajaribu kama karani wa jeshi: nikatoa herufi ya mwanzo, nikabadili r ikawa l. Likatoka. Askari, King's African Rifles, kikosi cha 36, Oktoba 1944. Hana kaburi. Jina lake liko kwenye Mnara wa Rangoon, ndani ya makaburi ya vita ya Taukkyan, pamoja na wengine karibu 27,000 ambao makaburi yao hayajulikani.

Tatu, basi. Brigedi ya 26, bonde la Kabaw. Waliingia kupitia Tamu mwezi Agosti, katikati ya mvua za kule, barabara zikiwa tope, malaria ikiangusha watu kuliko risasi, mpaka Kalemyo mwezi Novemba na mto Chindwin mwezi Desemba. Nilisoma habari za lile bonde usiku kucha, na karibu kila anayelisimulia anataja ruba: kwenye viatu, kwenye soksi, wamepanda mpaka gotini.

Fundi alirudi. Akaandika 1916, na jina tukaliandika kama lilivyo kwenye kitabu cha ubatizo. Mimi nilipendekeza tuweke na namba yake ya jeshi, ili ajaye baadaye asihangaike kama mimi. Shangazi alikataa bila hata kugeuka. "Baba yangu alipewa namba na kila mtu. Hapa aandikwe jina."

Baba mdogo nilimchapia ule ukurasa wa orodha, karatasi nzuri, nikamletea bapa ndani ya bahasha. Alivaa miwani akasoma jina lake, kikosi, tarehe, akarudia. "Kumbe nilishakufa," akasema, "tangu arobaini na nne." Akaikunja karatasi mara mbili, akaikunja tena, akaitia mfuko wa shati na kufunga kifungo. Mimi sikusema neno.