St. James, Barbados: pwani iliyopanda thamani baada ya miwa

Zinapotajwa nyumba za kifahari za Karibi, ukanda unaozungumzwa mara nyingi ni ule mfupi wa magharibi mwa Barbados, katika parokia (yaani wilaya) ya St. James, ambao madalali huuita Pwani ya Platinamu. Nimeufuatilia ukanda huo kwa muda mrefu, kwanza kwa ajili ya historia yake na baadaye kwa ajili ya soko lake la nyumba, na nimefikia imani kwamba mnunuzi asiyejua ni nani waliomiliki ardhi ile, na ni nani walionyimwa, hawezi kuelewa vizuri anachouziwa.

Historia ya ukoloni wa kisiwa hicho inaanzia katika mji mdogo wa Holetown, uliomo ndani ya parokia hiyo. Nahodha John Powell alitia nanga hapo Mei 1625 akiwa na meli ya Olive Blossom, akakitwaa kisiwa kwa jina la Mfalme James wa Kwanza wa Uingereza, ambaye kumbe alikwisha kufariki mwezi Machi mwaka huo huo. Mnara wa kumbukumbu uliosimamishwa mjini unataja mwaka 1605, yaani miaka 20 kabla ya nahodha huyo kufika, na kwangu kosa hilo lililochongwa kwenye jiwe ni onyo zuri kwa yeyote anayeamini kila kibao anachokisoma. Walowezi wenyewe waliteremka tarehe 17 Februari 1627 kutoka meli ya William and John, chini ya Henry Powell, ndugu yake John. Walikuwa wapatao 80, na pamoja nao walikuwamo Waafrika 10 waliokamatwa njiani na kutiwa utumwani. Vipeperushi vya utalii hupenda kuanza hadithi ya utumwa kwenye sukari ya miaka ya 1640, lakini ukweli ni kwamba utumwa ulishuka ufuoni pamoja na walowezi wa kwanza.

Kanisa la Parokia ya St. James limesimama mahali palipojengwa kanisa la mbao mwaka 1628. Limejengwa kwa jiwe la matumbawe, na ndani yake imehifadhiwa kengele ya mwaka 1696 yenye maandishi ya kumwombea baraka Mfalme William. Ukiitazama unapata picha ya jamii iliyojiona imekwisha kutulia, yenye mfalme wake, kanisa lake na mashamba yake, wakati ambapo wengi wa waliokuwa wakiishi kisiwani hawakuruhusiwa kumiliki hata miili yao wenyewe.

Katika enzi ya sukari, ardhi ilithaminiwa kwa miwa iliyoweza kuota juu yake. Mchanga wa ufuoni haukumfaa sana mwenye shamba, na hivyo sehemu za pwani ambazo leo zina bei isiyoshikika ziliachiwa wavuvi na watu wa kipato kidogo. Utumwa ulifutwa kisheria mwaka 1834, na kipindi kilichofuata cha uanagenzi wa lazima, ambapo waliokombolewa walilazimika kuendelea kuwafanyia kazi mabwana wao wa zamani, kikamalizika mwaka 1838, lakini karibu ardhi yote ilibaki mikononi mwa wenye mashamba. Waliokombolewa walikaa kwenye viwanja vya kupanga ndani ya mashamba yale yale, na iwapo mwenye shamba aliwachoka, walipaswa kuondoka.

Kutokana na hali hiyo ilizaliwa nyumba ambayo, kwa maoni yangu, ndiyo kazi bora zaidi ya ujenzi ya Barbados. Ni nyumba ndogo ya mbao yenye sura linganifu, mlango katikati na dirisha kila upande, yenye paa lililoinuka sana. Haikujengewa msingi, bali iliegeshwa juu ya mawe yaliyopangwa bila saruji, ili siku ya kufukuzwa kuta zifunguliwe ubao kwa ubao, zipakiwe kwenye mkokoteni na kuinuliwa upya kwenye kiwanja kingine. Familia ilipopata fedha iliongeza chumba cha pili nyuma ya kile cha kwanza chenye paa lake, kisha cha tatu. Ilichukua hadi mwaka 1980 ndipo sheria ilipowapa wapangaji wa muda mrefu wa viwanja vya mashamba haki ya kuvinunua, kwa bei ya senti 10 za Barbados kwa futi moja ya mraba.

Wakati huo pwani ilikuwa imekwisha kubadilika. Ronald Tree, aliyekuwa mbunge nchini Uingereza, alijenga jumba lake la Heron Bay mwishoni mwa miaka ya 1940, na mwaka 1961 akafungua hoteli ya Sandy Lane, iliyowavuta matajiri wa Ulaya na Marekani. Oliver Messel, msanifu wa mandhari za jukwaa kutoka London, alihamia St. James akaanza kukarabati na kubuni nyumba zenye varanda pana, nguzo nyembamba za matumbawe na rangi ya kijani hafifu ambayo hadi leo inaitwa kwa jina lake. Alielewa kwamba katika hali ya hewa ile sebule nzuri ni ile isiyo na ukuta upande wa bahari, na nyumba aliyoigusa bado hutangazwa sokoni kwa kutaja jina lake kwanza.

Mvuto wenyewe haukutokana na matangazo peke yake. Pepo za kudumu hutoka mashariki, kwa hiyo pwani ya magharibi imekingwa na maji yake ni matulivu, tofauti kabisa na upande wa Atlantiki. Dola ya Barbados imefungwa kwenye ya Marekani tangu 1975, mbili za Barbados kwa moja ya Marekani. Mgeni anaruhusiwa kununua ardhi na nyumba, mradi apate kibali cha fedha za kigeni cha Benki Kuu na kusajili fedha alizoingiza, hatua ambayo wakili makini hairuki kwa sababu ndiyo itakayomwezesha mteja kuzitoa fedha hizo siku atakapouza. Kodi ya faida ya mtaji haipo, wala ya urithi. Muuzaji ndiye anayebeba kodi ya uhamisho ya asilimia 2.5 na ushuru wa stempu wa asilimia 1.

Kitu kimoja hakiuzwi hata kwa mwenye jumba la mamilioni, nacho ni ufuo, kwa kuwa fukwe zote za Barbados ni za umma. Ugomvi uliopo unahusu njia za kuufikia, maana majumba na hoteli zimejipanga bega kwa bega kando ya barabara kuu, na wenyeji hulalamika kwamba unaweza kuendesha gari kwa muda mrefu bila kuiona bahari iliyo hatua chache tu kutoka hapo. Mimi nawaunga mkono. Mnunuzi anayekerwa na mvuvi wa Paynes Bay au familia inayooga mbele ya varanda yake Jumapili atafute kiwanja bara, ambako bei ni nafuu. Anayebaki pwani achunguze kwanza ramani ya njia za umma zinazopakana na kiwanja, kisha amwite mhandisi akague mmomonyoko wa ufuo, kwa sababu ziko sehemu za pwani hiyo ambazo mchanga wake umepungua waziwazi.