Mji Mkongwe unaliwa kwa saa

Mgeni akishuka boti bandarini Malindi, Zanzibar, na njaa yake, swali la kwanza huwa "wapi pazuri pa kula?" Unguja swali hilo halimfikishi mtu mbali. Uliza "saa hii kuna nini?" Karibu kila kitamu cha Mji Mkongwe kina saa yake, na saa hiyo ikipita chakula hakitupwi. Kinapashwa moto, kinasubiri mteja asiyejua.

Asubuhi, kuanzia saa 12 hadi saa 3 hivi, usiwe na haraka na kifungua kinywa cha hoteli. Tembea upande wa Darajani na Mkunazini, utawaona akina mama na vikaango vyao. Kula vitumbua, mandazi, chapati, mkate wa kumimina, na pembeni mbaazi au maharage ya nazi ya kuchovea boflo, yaani mkate. Kitumbua kina ukweli wake na unaonekana kwa macho: ukingo mkavu wa rangi ya dhahabu, katikati laini yenye vitundu. Hicho ni cha mchele ulioroweka usiku kucha, ukasagwa na tui, ukaumuka sawasawa. Cha unga wa mchele wa dukani mara nyingi huwa kizito, na kikishapoa kinakaa mdomoni kama mkate uliolowa. Kibonyeze kidogo kwa karatasi. Karatasi ikiloa mafuta yote, kilikaangwa kwenye mafuta yasiyopata moto. Baada ya saa 4 vitumbua viache mpaka kesho.

Mchana ni wa wali. Mkahawa wa Lukmaan, pale Mkunazini, wengi mnaujua na hakuna siri hapo. Faida yake ni kwamba chakula kimepangwa mbele yako, unaonyesha kwa kidole na hulazimiki kukisia maana ya jina kwenye karatasi. Ila nenda kabla ya saa 7. Pweza wa nazi na samaki wa nazi ndio hutangulia kuisha. Anayefika saa 9 hukuta wali mwingi na mchuzi uliobaki chini, ambao umechemka tena na tena mpaka tui limekatika na mafuta yanaelea juu. Kwa sehemu yoyote ya mchana usiyoijua, kipimo changu ni hicho hicho: tazama tui. Likiwa limeshikana na rangi moja, keti. Likiwa limeachana, agiza nyama ya kukaanga au ondoka.

Ijumaa ndiyo siku ya pilau na biriani. Biriani la Kizanzibari si pilau lenye rangi: masala hupikwa mbali na wali, yakiwa mazito, na huja juu au chini ya wali bila kuchanganywa kabisa. Ukiletewa wali wa manjano na kipande cha kuku juu yake, umepewa wali wa manjano. Jua pia kwamba Ijumaa kuanzia saa 6 na kitu mpaka saa 7 na nusu mji unafunga milango kwa ajili ya sala, kwa hiyo ama ule mapema, ama usubiri watu watoke msikitini. Ukiona boko boko mahali, lichukue bila kuuliza sana: ngano nzima iliyopikwa na nyama mpaka vikashindwa kutofautishwa, juu samli na vitunguu vya kukaanga. Linashibisha hadi usiku.

Sasa urojo. Hapa naomba uvumilivu, maana ndicho chakula ambacho wageni hukidharau kwa sababu walikila kibovu. Saa yake ni kuanzia saa 9 au 10 alasiri. Bakuli lililo kamili lina viazi vya kuchemsha, badia za dengu, kachori, yai la kuchemsha, kijiti kimoja au viwili vya mishkaki, kisha rojo lenyewe la manjano lenye uchachu, chatini ya nazi, pilipili, na juu kabisa chipsi nyembamba za muhogo. Mpangilio si urembo. Muhogo ukiwekwa kabla ya rojo unalowa, na urojo bila kitu cha kutafuna ni uji. Ukiona muuzaji ameshapanga mabakuli yenye muhogo ndani akingoja wateja, nenda kwa jirani yake. Na kama unabeba kwenda kula nyumbani, omba muhogo na badia zifungwe mbali.

Rojo ndilo linalotofautisha muuzaji na muuzaji. Ukitaka kujua kwa nini, lipike mara moja. Kwa watu 4 chukua maji lita 1 na nusu, embe mbichi moja kubwa, unga wa ngano gramu 70 hivi, manjano nusu kijiko cha chai, ndimu 2 na chumvi. Menya embe, likate, lichemshe kwenye maji hayo mpaka lipondeke, kisha liponde. Unga ukoroge pembeni kwa kikombe cha maji baridi, uuchuje, ndipo uumimine polepole huku unakoroga. Tia manjano na chumvi, punguza moto, acha lichemke dakika 20. Epua, kisha kamulia ndimu.

Makosa yako wapi? Unga ukitiwa mkavu kwenye maji ya moto, unapata mabonge ambayo hayaondoki tena. Ukiepua baada ya dakika 5 kwa kuwa limeshakuwa zito, ladha ya unga mbichi inabaki kooni, na hili ndilo kosa la wauzaji wenye haraka. Manjano yakizidi, rojo linakuwa chungu na lina harufu ya dawa. Ndimu ikichemshwa, uchachu wake unapotea na ukakasi unabaki. Wapo wanaotumia ukwaju badala ya embe. Rojo linakuwa jeusi kidogo, na mimi naona linafunika ladha ya chatini, lakini ugomvi huo una wenyewe. Uzito unaofaa ni ule unaoshika kiazi na kuteleza taratibu. Kijiko kikisimama, limezidi.

Jua likizama, kila mtu anaelekezwa bustani ya Forodhani, mbele ya Beit el Ajaib, jumba la mwaka 1883 ambalo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020. Bustani ilikarabatiwa na kufunguliwa upya 2009, na meza huanza kupangwa karibu na magharibi. Pazuri kwa macho na upepo. Kwa tumbo, inahitaji akili. Vijiti vingi vya samaki, ngisi na kamba unavyoviona vimelala mezani vimeshapikwa nusu au kabisa. Ukiagiza vinarudi jikoni kupata moto tu. Jodari akirudiwa anakauka kama mbao, ngisi anakuwa mpira. Omba kilicho kibichi kipikwe mbele yako, na ukijibiwa "ni hivi hivi tu," shukuru uende meza nyingine. Bei patana kabla, kwa kijiti, na hesabu vijiti vikiingia sahani, maana mikono ya baadhi ya wauzaji ni miepesi kuliko hesabu yako. Kiswahili kinasaidia, ingawa lafudhi ya bara nayo ina bei yake.

Pweza ana kalenda. Wanaomsaka kwa miguu miambani huingia maji yakitoka sana, wakati wa bamvua, yaani siku za kuzunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Siku hizo pweza wa usiku ana nafasi kubwa ya kuwa wa leo. Maji yakiwa mafu, yule unayemwona huenda amelala barafuni. Si sumu, lakini usimlipie bei ya pweza mpya. Supu yake nzuri huwa ya rangi ya zambarau iliyofifia, nyepesi, na nyama inakatika kwa meno ya mbele. Akiwa mgumu, hakupigwa wala hakuchemshwa vya kutosha. Kwa saizi ya kawaida hukaa motoni karibu saa nzima.

Vinavyopikwa mbele yako hapo Forodhani ndivyo vya kuaminika. Pizza ya Zanzibar ni donge la unga lililotandazwa jembamba, nyama ya kusaga, kitunguu, pilipili hoho, mayonesi, yai, likakunjwa na kukaangwa kwenye tava. Mtu wa Mombasa ataitazama aseme ni mkate mayai tu, naye hajakosea sana. Mwambie apunguze moto. Tava likiwa kali sana nje inaungua na yai la katikati linabaki maji. Bora zaidi, kwangu, ni mkate wa ufuta na mishkaki ya nyama. Donge lake ni laini mno, lina tui na hamira, hutandazwa kwa kiganja chenye maji kwenye kikaango kisicho na mafuta ili ugande, kisha kikaango hupinduliwa juu ya makaa kuivisha upande wa juu. Ule palepale. Baada ya saa moja unakuwa ngozi.

Juisi ya miwa inywe iliyokamuliwa ukiona, ndimu na tangawizi zikiwa zimekunjwa ndani ya muwa wenyewe. Iliyokaa kwenye jagi hugeuka rangi na kuwa na ladha ya majani. Kama tumbo lako ni la kubembelezwa, kataa barafu. Ukikuta juisi ya bungo, acha miwa. Anayetaka bia ya machweo atapanda ukumbi wa juu wa hoteli ya Africa House, Shangani. Mikahawa ya wenyeji haiuzi pombe, na kuuliza ni kujiaibisha.

Usiku unafungwa na kahawa, Jaws Corner kule Sokomuhogo, ambako siasa na dhumna huchezwa kwa bidii ileile. Kahawa hutoka kwenye dele lililo juu ya makaa, chungu, haina sukari. Utamu unautoa kwenye kashata. Kikombe ni kidogo, usikijaze maneno. Kunywa, rudisha, omba cha pili.

Ukija Ramadhani, geuza ratiba yote: mchana hakuna kula hadharani, na baada ya futari mji unakula mpaka daku. Na cha kubeba kurudi nacho bara ni halwa. Inahimili safari, haihitaji friji, na ikifika imekaza kidogo, iweke kwenye sahani juu ya mvuke dakika chache, samli yake itarudi kung'aa.