Bomba la upepo kwa karakana ya nyumbani: kwa nini siiamini PVC

Mtu anayenunua kompresa yake ya kwanza kwa ajili ya karakana iliyo nyuma ya nyumba huwa ameshafikiria ukubwa wa tangi, nguvu ya mota na bei, lakini bomba la kusambaza upepo kutoka kwenye tangi hadi kwenye meza ya kazi hulikumbuka mwishoni, fedha zikiwa zimepungua. Hapo ndipo PVC, bomba la plastiki ngumu, inapoingia. Duka la vifaa vya ujenzi liko jirani, bomba ni la bei nafuu, msumeno wa mkono unatosha kulikata, na ubavuni mwake pamechapwa PN 10 au PN 16, yaani presha ya bar 10 au bar 16, ilhali kompresa nyingi za nyumbani hujizima zinapofika bar 8. Kwa hesabu hiyo bomba linaonekana kutosha na kubaki.

Tatizo ni kwamba namba ile inazungumzia maji, tena maji yenye joto la nyuzi 20 hivi. Chukua bomba la robo tatu inchi lenye urefu wa mita 20, ambalo hubeba takriban lita 7. Ukilijaza maji na kuyasukuma hadi bar 8, ujazo wa maji hayo hupungua kwa chini ya mililita 3, kiasi kisichojaza kijiko cha chai. Bomba likipasuka, presha huisha papo hapo na hasara yako ni sakafu kuloa. Ukilijaza bomba hilohilo upepo wa bar 8, ndani yake umeshindilia zaidi ya lita 60 za hewa ya kawaida, na nyuma yake lipo tangi lenye hewa nyingine inayotafuta pa kutokea. Ufa ukitokea, hewa yote hiyo hutaka kurudia ujazo wake wa awali kwa mkupuo mmoja.

Kinachofuata hutegemea tabia ya bomba lenyewe, na kwangu mimi hiki ndicho kipimo cha kwanza cha uchaguzi: bomba likishindwa, linashindwaje? Bomba la chuma likizidiwa kwa kawaida huanza kuvuja kwenye nyuzi (mikato ya skrubu) za viungo, likapiga mluzi, nawe ukasikia na kufunga koki. PVC ngumu hupasuka ghafla na kurusha vigae vyenye makali. Mei 1988, OSHA, mamlaka ya usalama kazini ya Marekani, ilitoa tahadhari baada ya mfanyakazi wa kiwanda kimoja huko Texas kujeruhiwa mkono na vipande vya bomba la PVC la upepo lililopasuka. Tahadhari hiyo ilikumbusha kwamba taasisi ya mabomba ya plastiki ya nchi hiyo ilikuwa imeshapendekeza tangu 1972 kwamba mabomba ya aina hiyo yasipitishe hewa iliyoshindiliwa mahali yalipo wazi. Wenye biashara wenyewe wanapokuambia usitumie bidhaa yao kwa kazi fulani, sioni sababu ya kubishana nao.

Joto huongeza uzito wa hoja hii, hasa kwetu Dar es Salaam. Majedwali ya watengenezaji hupunguza uwezo wa PVC hadi nusu hivi inapofikia nyuzi 43, na hadi karibu moja ya tano inapofikia nyuzi 60. Bomba lililofungwa chini ya bati saa nane mchana, mwezi wa Februari, haliko kwenye nyuzi 20, na upepo unaotoka kwenye kompresa ya pistoni iliyofanya kazi mfululizo huwa na joto lake pia. Hapo bado hatujataja baadhi ya mafuta ya kompresa ya sintetiki, ambayo hudhoofisha plastiki polepole kutoka ndani.

Najua wapo mafundi ambao PVC yao imedumu miaka na haijaleta shida. Siwakatalii. Ila plastiki hiyo huzidi kuwa kavu na dhaifu kadiri inavyozeeka, kwa hiyo kudumu jana hakuipi dhamana ya kesho, na kinachoipasua mara nyingi ni jambo dogo, kama ubao ulioegemezwa vibaya ukaangukia kiungo wakati bomba limejaa upepo.

Kabla ya kununua bomba lolote, jiulize kama unalihitaji. Karakana nyingi za nyumbani zina upana wa gari moja au mawili, na mpira mzuri wa upepo ulioandikwa bar 20, wenye urefu wa mita 10, unafika kila pembe. Bomba la kudumu lina maana pale unapokuwa na vituo viwili au vitatu vya kazi, au pale unapopulizia rangi na vanishi na unataka upepo mkavu.

Kama jibu ni ndiyo, mimi ningechagua GI, yaani bomba la chuma lililopakwa zinki. Fundi bomba yeyote mtaani anajua kuikata uzi, viungo vinapatikana kila mahali, na uimara wake unapita kwa mbali presha ya kompresa ya nyumbani. Ukinunua, angalia mstari wa rangi uliopakwa karibu na ncha ya bomba, kwa yale yanayofuata mpangilio wa Uingereza: kahawia ni jepesi, bluu ni la kati, nyekundu ni zito. La bluu linatosha. Ubaya wa GI ni uzito wake, na kutu inayoanza ndani baada ya muda, hivyo kichujio mbele ya bunduki ya rangi si anasa.

Shaba ni nzuri kuliko GI kwa karibu kila kigezo isipokuwa bei. Haishiki kutu, ni nyepesi, na mafundi wa viyoyozi wanajua kuiunga kwa risasi ya fedha. Alumini ya viungo vya kubana inapendeza macho, lakini mfuko wangu hauifikii.

PPR, lile bomba la plastiki la kijani au jeupe linaloungwa kwa moto, huulizwa sana kwa sababu sasa limeenea katika nyumba nyingi. Kwa kawaida halitawanyiki vigae kama PVC, na baadhi ya watengenezaji huliruhusu kwa hewa, lakini nalo hupoteza uwezo kadiri joto linavyopanda na huharibiwa na jua. Ningelikubali iwapo tu katalogi ya mtengenezaji inataja hewa iliyoshindiliwa kwa jina, pamoja na presha na joto lake. Neno la muuzaji kaunta halitoshi.

Sasa maji. Hewa ya pwani yenye nyuzi 30 na unyevu wa asilimia 80 hubeba takriban gramu 24 za maji katika kila mita moja ya ujazo. Kompresa inayovuta lita 200 kwa dakika humeza karibu gramu 290 za maji kwa saa, na upepo huo ukishashindiliwa hadi bar 8 na kupoa, unaweza kubaki na gramu 40 hivi tu. Robo lita inayobaki hugeuka kuwa maji kila saa, sehemu kwenye tangi na sehemu njiani. Bomba la chuma au shaba husaidia hapa kwa sababu hupoza upepo, kwa hiyo maji hujitenga kabla ya kufika kwenye bunduki ya rangi. Plastiki huutunzia upepo joto lake. Laza bomba kuu kwa mteremko wa sentimita 1 kwa kila mita kuelekea mbali na kompresa. Kila tawi litoke juu ya bomba kuu, lipinde, ndipo lishuke, ili maji yanayotambaa chini yasiingie humo. Mwisho wa kila mshuko acha kipande kirefu chini ya tundu la kutolea upepo, chenye koki ya kumwagia maji. Anayeunga tawi kutoka chini ya bomba kuu huokoa kona mbili, kisha hushangaa vanishi yake ikitoka na madoadoa meupe.

Kati ya kompresa na bomba weka mpira mfupi, kwa kuwa mtikisiko wa mashine hulegeza nyuzi za viungo. Upimaji wa kwanza ufanyike kwa maji, kwa sababu ileile ya kijiko cha chai: jaza mfumo hadi hewa yote itoke, upandishe kwa pampu ya mkono hadi bar 12, yaani mara moja na nusu ya presha ya kazi, kisha usubiri. Kompresa na tangi vibaki nje ya kipimo hicho. Geji ikitulia, mwaga maji, pitisha upepo wa presha ndogo, kisha paka povu la sabuni kwenye kila kiungo. Koki ya kwanza kabisa iwe kwenye mdomo wa tangi, mahali mkono unapofika bila kuinama, na ifungwe kila unapotoka karakanani.