Kumbukumbu ya mradi: kubashiri mtu alikuwa anaangalia nini

Jumamosi usiku. Data imeshuka. Ni ile ya mtafiti wa ubongo James Haxby na wenzake, ya mwaka 2001: watu 6 walilala ndani ya mashine ya MRI wakionyeshwa nyuso, paka, nyumba, viti, viatu, mikasi, chupa na picha zilizovurugwa hadi hazina maana. Bando limetosha mtu mmoja tu, yule wa pili. Huyo peke yake ana picha 1,452 za ubongo, moja kila sekunde 2.5, katika duru 12.

Jumapili. Asubuhi nzima imepotea. Niliandika "uso" pale pale uso ulipotokea kwenye skrini. Kumbe MRI haioni seli za neva zikifanya kazi. Inachoona ni damu yenye oksijeni inayoletwa baada ya kazi hiyo, na damu haina haraka. Kilele chake huja kama sekunde 5 baadaye. Nimesogeza lebo zote picha mbili mbele.

Sitaki ubongo mzima. Nimebakiza vokseli (vijisehemu vidogo vinavyounda picha ya ubongo) 464 za upande wa chini, mbele kidogo ya kisogo, ambako vitu hutambuliwa. Kisogoni kwenyewe, V1, ndiko habari za macho hutua kwanza kwenye gamba la ubongo, huko nitarudi.

Jumatano. Programu niliyoifundisha kubashiri kutokana na picha za ubongo inapatia karibu kila kitu! Nikamwita mke wangu aje aone. Yeye ni mwalimu, mambo ya ubongo hayamhusu. Akatazama, akauliza, "Maswali ya mtihani uliyatoa wapi?"

Nikaishiwa maneno. Nilizichanganya picha zote za ubongo kama karata, nyingine za kufundishia, nyingine za kupimia. Lakini kila aina ilionyeshwa kwa sekunde 24 mfululizo, na picha mbili zinazofuatana ni kama pacha. Mmoja kaingia darasani, mwenzake kwenye mtihani. Mtihani ulivuja, na mvujishaji ni mimi.

Alhamisi. Sasa nafundisha kwa duru 11 na kupima kwa ile iliyobaki, narudia mara 12. Alama zimeshuka vibaya, ila bado ziko juu ya asilimia 12.5 ya kubahatisha. Nyuso na nyumba zimesimama imara. Chupa na mikasi ndizo zinanichosha.

Nimenunua bando la mtu wa tatu. Nataka nifundishe kwa wa pili nipime kwa huyu wa tatu, ingawa mikunjo ya ubongo haifanani kwa watu wote, na vokseli zangu 464 huenda zikaangukia pengine kabisa.