Nilivyomtafutia Kiberiti chakula kinachomfaa

Kiberiti nilipewa bure, na anayejua farasi anajua bure ya aina hiyo huja na nini. Alikuwa jike wa miaka saba, mwekundu, miguu miwili ya nyuma myeupe. Alikuwa amemaliza mbio zake kwenye uwanja wa Ngong, Nairobi, na hakuna aliyemtaka, kwa sababu ya kichwa chake na ngozi yake. Kichwa kwanza: akiona kipande cha turubai kinapepea uani, aliruka kana kwamba chui yuko nyuma yake. Ukimkaza ukanda wa tandiko, anageuza shingo kukuuma. Ngozi nayo ilijaa mabonge mbavuni, mengine makubwa kama kizibo cha soda, na shingoni alikuwa amejikuna kwenye nguzo mpaka manyoya yameisha, pamebaki pekundu. Jina lake la mbio lilikuwa refu la Kizungu. Masaisi wenzangu, watunza farasi, walimwita Kiberiti siku ya kwanza na likamshika.

Nimekuwa saisi miaka kumi na saba, lakini kulisha farasi wa mtu na kulisha wako ni mambo mawili. Wa mtu, tajiri anaandika ubaoni: asubuhi makopo mawili, jioni makopo mawili, nawe unapima unaenda zako. Sasa chaki ilikuwa mkononi mwangu na sikuwa na la kuandika.

Ushauri haukukosekana. Mzee mmoja aliyenifundisha kazi alisema nimpe pumba ya ngano iliyolowekwa kwa maji moto, imtulize. Jirani akasema kinachomdhuru ni lusini, yale majani ya malisho, protini yake ndiyo inayotoka kwenye ngozi, niiondoe kabisa. Mama anayefundisha watoto kupanda akaniambia ninunue unga wa magnesi, kopo dogo kwa bei ya magunia mawili. Kila mmoja alikuwa na hakika, na mimi nikawasikiliza wote katika wiki moja. Nikaondoa nafaka yote Jumatatu, nikaweka pumba Jumanne, nikabadilisha nyasi Alhamisi kwa sababu zile za awali ziliisha. Jumamosi usiku Kiberiti akalala, akainuka, akageuka kutazama ubavu wake, akalala tena. Msokoto wa tumbo. Nilimtembeza uani mpaka saa tisa za usiku, tochi mkononi, nikisubiri anye. Alipokunya, nilifurahi kuliko siku niliyopata leseni ya kuendesha gari.

Daktari wa mifugo alipokuja asubuhi hakunigombeza. Aliniuliza swali moja: "Anakula kilo ngapi?" Nikasema makopo manne. Akasema, "Sikuuliza makopo."

Basi tukapima. Kopo langu la mahindi yaliyopasuliwa lilikuwa karibu mara tatu ya uzito wa kopo hilohilo likiwa na pumba. Miaka yote hiyo nimekuwa nikipima kwa kopo, na kopo halina habari. Farasi mwenyewe tulimpima kwa futi ya fundi cherehani: mzunguko wa kifua sentimita 184, urefu kutoka begani hadi kwenye tako sentimita 158. Unazidisha mzunguko kwa mzunguko, halafu kwa urefu, unagawanya kwa 11,880. Kiberiti akatoka kilo 450.

Halafu tukarudi kwenye gunia alilokuja nalo. Ndani mlikuwa na mahindi, shayiri, pumba na molasi ya kunata, chakula cha farasi anayekimbia. Alikuwa akila kilo 2.5 asubuhi na kilo 2.5 jioni. Daktari alikadiria nusu ya uzito huo ni wanga, yaani zaidi ya kilo moja ya wanga kwa mlo mmoja. Kwa farasi wa kilo 450, mpaka wa juu ni kama gramu 900 kwa mlo, na kwa mwenye tumbo bovu ni vizuri usizidi nusu ya hapo. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake. Wanga ukizidi, utumbo mwembamba haumalizi kazi, unaobaki unateremka kwenye utumbo mkubwa, bakteria wa huko wanauchachua, asidi inapanda. Juu yake tumbo lenyewe linamwaga asidi usiku na mchana, awe anakula au hali. Aliyeumbwa kutafuna nyasi kutwa ukimfungia bandani na milo miwili ya nafaka, asidi hiyo inaanza kumla yeye. Ndiyo maana farasi wengi wa mbio wana vidonda vya tumbo. Lile kung'ata nikimkaza ukanda nilikuwa nikiita ukorofi.

Kwa hiyo chakula cha kwanza kikawa nyasi. Kilo 9 za nyasi kavu za Rhodes kwa siku, asilimia mbili ya uzito wake, kwenye nyavu mbili zenye matundu madogo ili zimchukue muda. Nilizigawa mara nne, ya mwisho saa nne usiku. Robota letu la nyasi lina kama kilo 15, lakini nalo nilijifunza kulipima, maana lingine likija lina 11 na bei ni ileile. Kabla ya kumpa naziloweka nusu saa kwenye pipa, vumbi lishuke na sukari kidogo itoke.

Pumba ya mzee niliiacha, na haikuwa rahisi kumwambia. Pumba ina fosforasi nyingi mno na kalisi kidogo, na farasi wetu wa huku wanakula nyasi za kikuyu malishoni, ambazo zina oksaleti inayoifunga hata hiyo kalisi kidogo. Ukiendelea hivyo miezi, mifupa ya uso inaanza kuvimba. Nilimwambia tu, "Mzee, daktari amekataza." Daktari ana faida hiyo.

Ila daktari alitaka pia nimwekee lusini, kilo moja hadi moja na nusu, kwa sababu kalisi na protini yake hupoza asidi tumboni. Hapo nikakwama. Yaleyale majani jirani anayosema yanaleta mabonge, daktari anasema ndiyo dawa. Nikaamua kumsikiliza daktari, nikaenda kununua.

Hapa nisimulie kosa ambalo bado linanichoma. Mchuuzi mmoja alikuwa akipita na pikipiki akiuza majani makavu kwa gunia, bei nzuri. Nikamuuliza ni lusini? Akasema, "Ndiyo, lusina." Mimi nikasikia nilichotaka kusikia. Kiberiti akayapenda, akala wiki tatu. Wiki ya nne nikiwa namchana mkia, kitana kikatoka na shungi zima la nywele, bila kuvuta, kama unavyotoa uzi kwenye kitambaa kilichooza. Nikajaribu shingoni, yale machache yaliyobaki yakaja pia. Nilidhani ngozi ndiyo imefika mwisho wake.

Daktari aliomba gunia, akamwaga kiganja kimoja kwenye kifuniko cha ndoo. Jani la lusini ni vijani vitatu kwenye kikonyo kimoja. Hivi vilikuwa vijani vidogo vidogo kama vya mgunga, na katikati yake vipande vya maganda bapa ya kahawia. Lusina ni mti, ule wanaopanda kwa ajili ya mbuzi na kuni. Majani yake yana sumu inayoitwa mimosini. Ng'ombe na mbuzi wanaweza kuwa na bakteria tumboni wa kuivunja. Farasi hana, naye hupukutika nywele za shingo na mkia. Tuliacha siku hiyohiyo na nywele zikarudi, ila mkia ulichukua zaidi ya mwaka, na kwenye kwato zote nne ulionekana mstari ukishuka taratibu, kama alama ya maji kwenye ukuta baada ya mafuriko. Siku hizi sinunui majani yoyote kabla sijayaona yakiwa na shina.

Baada ya hapo nikawa sina imani na lolote, na nadhani ndipo nilipoanza kufanya kazi vizuri. Daktari aliniambia mzio wa kweli wa chakula kwa farasi si jambo la kawaida, na vipimo vya damu vya kuutafuta havitegemeki. Njia ni kumrudisha kwenye kitu kimoja, ungoje, halafu uongeze kimoja kimoja. Nikanunua daftari la shule. Wiki sita alikula Rhodes ya shamba moja, chumvi vijiko viwili na madini yenye shaba na zinki, basi. Kila asubuhi nilihesabu mabonge upande wa kushoto, kutoka bega hadi ubavu wa mwisho, na nikaandika amefanya nini nilipokaza ukanda.

Siku ya kwanza mabonge 31. Wiki ya tatu yalikuwa 9. Wiki ya sita daftari linaonyesha 2, 0, 0, 1, 0. Kung'ata kuliisha kabla ya mabonge. Kuna siku nimeandika tu "amepiga mwayo". Lakini alikonda. Mbavu zilionekana, na watu wakapita wakiuliza kama mambo ni magumu.

Kisha nikaanza kurudisha. Lusini, ya kweli safari hii, kiganja kimoja, nikaipandisha siku kumi hadi kilo moja na nusu: hakuna bonge. Jirani alikuja kuangalia mwenyewe akasema labda ni lusini ya aina nyingine. Mahindi sikuyajaribu, sikuwa na haja nayo, na huku kwetu mahindi ya bei rahisi mara nyingi yana ukungu, na ukungu wa mahindi unaweza kuua ubongo wa farasi. Molasi kijiko kwa siku nane: hakuna. Shayiri iliyopondwa, gramu 300: kesho yake asubuhi mabonge 44, hadi chini ya tumbo. Nikangoja wiki mbili yaishe, nikajaribu tena ili nisimsingizie: 38. Shayiri, basi. Kwa farasi wa banda la pili hakuna ubaya wowote, anakula anang'aa.

Kilichonishangaza ni shingo. Wiki zote sita za nyasi tupu, mbavu zikipona, shingo na shina la mkia aliendelea kukuna vilevile. Hayo hayakuwa ya chakula hata kidogo. Ni usubi, wadudu wadogo kuliko punje ya ufuta, wanaouma alfajiri na machweo, na ndio haohao wanaobeba ule ugonjwa wa farasi wa Afrika tunaouchanjia. Tangu zamani masaisi tunaingiza farasi bandani kabla ya jua kuzama kwa kuogopa ugonjwa huo, ila mimi, kwa kumhurumia Kiberiti na vidonda vyake vya tumbo, nilikuwa nimemwacha malishoni mpaka giza ili atafune zaidi. Nilimponya tumbo nikamfanya chakula cha usubi. Sasa anaingia saa kumi na moja, dirisha lina wavu mwembamba, na mke wangu alimshonea joho la shuka la kitandani la zamani, lina maua.

Tatizo la kukonda nililimaliza kwa mafuta. Mafuta yana nguvu zaidi ya mara mbili ya wanga kwa uzito uleule, na hayamwashi kichwa. Nilianza na mililita 30 za mafuta ya alizeti, nikapandisha wiki tatu hadi 150, nikiangalia kinyesi. Kikilegea au kikang'aa, unarudi nyuma. Pamoja nayo vitamini E, maana mafuta yakizidi mwili unaihitaji zaidi. Halafu mbegu za kitani, gramu 200, nazisaga asubuhi hiyohiyo. Mwaka 2002 Kanada walizijaribu kwa farasi sita wenye mzio wa usubi na uvimbe ukapungua. Farasi sita si wengi, na kwa Kiberiti sidai kwamba zimemaliza muwasho; wavu wa dirisha ulifanya zaidi. Ila manyoya yake yamepata mng'ao ambao hakuwa nao.

Kuna mwezi pesa zilikatika na kijana mmoja akaniambia nichanganye chakula cha kuku, kina protini. Hapana. Baadhi ya vyakula vya kuku vina monensini, dawa ya kuzuia koksidia, vimelea vya utumbo. Kuku anaimudu, moyo wa farasi unasimama. Mwezi huo nilipunguza lusini nikaongeza nyasi, tukavuka.

Ubaoni kwake sasa pameandikwa: Rhodes kilo 9, lusini 1.5, kitani, mafuta, chumvi, madini. Chini yake kwa herufi kubwa: SHAYIRI HAPANA. Yeye bado ni Kiberiti. Mvua za Aprili zikianza anajikuna kidogo, na turubai bado analitazama kwa jicho moja, ila analipita.

Mwezi uliopita mzee wangu alikuja, akamkuta amesimama kamba imelegea huku mtoto wa darasa la tatu akimsuka mkia. Akamzunguka polepole, akampapasa mbavuni, akanivuta pembeni.

"Unampa nini?"

"Nyasi, mzee."

Akanitazama muda mrefu. "Sawa," akasema, "kama hutaki kuniambia."