Vipimo vya kumbukumbu kwa bima ya umma: anzeni na rufaa

Jamani, mnaotafuta mwanasaikolojia tiba wa ubongo anayepokea bima ya afya ya umma, msianze na orodha ya watoa huduma. Mara nyingi humo mna majina yaliyopitwa na wakati. Anzeni na rufaa ya daktari, na isomeke vizuri. Ikiandikwa "ushauri wa kisaikolojia", mtapangiwa mazungumzo, si vipimo. Iandikwe "tathmini ya kinyurosaikolojia" (yaani vipimo vya kumbukumbu, umakini na kufikiri), dalili zenyewe (kusahau au kukosa umakini baada ya kiharusi, kwa mfano), na swali la kujibiwa: ni ugonjwa wa ubongo au sonona? Sababu ya masomo peke yake hukataliwa mara nyingi. Bima husema hilo ni la shule.

Kisha pigieni hospitali za kufundishia, kitengo cha neva au cha utengamao (kurejesha uwezo baada ya ugonjwa). Ulizeni: bima hii mnaipokea kwa vipimo, au kwa mahojiano tu? Kibali cha awali (ruhusa ya bima kabla ya vipimo) anaomba nani, na kinaruhusu jumla ya saa ngapi za kazi? Kupima, kusahihisha na kuandika ripoti hula saa nyingi, hivyo kibali cha saa 2 huishia njiani. Foleni ni ya miezi. Ombeni pia nafasi za wanaoghairi.

Na siku ya vipimo miwani isisahaulike. Asiyeona picha vizuri ataonekana hakumbuki.