Siku moja maishani mwangu: fundi wa laini za umeme, Tabora

Saa 11 alfajiri. Simu ya foromani iliita nikiwa macho tayari. Usiku kucha radi ilikuwa imepiga upande wa Uyui, na mvua za kwanza za Novemba hapa Tabora hazimwachi fundi wa laini alale. Kiangazi kizima kimejaza vumbi kwenye vikombe vya nguzo, vile vinavyoshika waya na kuzuia umeme usishuke; vumbi likilowa, umeme unapata njia. Nilikunywa uji, nikatia michembe, vipande vya viazi vitamu vilivyokaushwa, kwenye mfuko wa koti, nikawasha pikipiki. Mtaani kwetu Isevya bado giza.

Naandika siku hii kwa sababu ya sentensi moja ninayoambiwa karibu kila wiki: "Fundi, si fyuzi tu hiyo? Irudishie, tuendelee na kazi." Wanaosema hivyo si watu wabaya. Wanaona kifimbo kinaning'inia juu ya nguzo, wanajua kikisukumwa kinarudi mahali pake na taa zinawaka. Kilichomo ndani ya kifimbo hicho, na kilichomo ndani ya lile tangi la mafuta kinalolilinda, hakuna aliyewahi kuwaeleza.

Saa 1 asubuhi, uani kwa ofisi. Kikao cha usalama, kukunja glavu za mpira na kusikiliza kama zinavuja hewa, kukagua mikanda, kugawana hitilafu. Tulikuwa wanne: foromani, dereva, mimi na kijana aliye mafunzoni.

Saa 2. Kazi ya kwanza ilikuwa hapahapa mjini: swichi ya mafuta ya laini ya kilovolti (kV) 11, ya zamani, fezi moja, yaani moja ya nyaya tatu za umeme, imekatika. Kwenye swichi hizi fyuzi haikai hewani, inazama ndani ya mafuta. Ni mrija wa kauri uliozibwa pande zote, na ndani yake mna utepe mwembamba wa fedha uliofukiwa kwenye mchanga mkavu wa kwazi. Utepe ukiyeyuka, mchanga unayeyuka nao na kugeuka kitu kama kioo, na moto wa umeme unazimika kabla haujafika kileleni. Kisha pini inachomoza kichwani mwa fyuzi na kuifyatua swichi ikate fezi zote tatu kwa pamoja. Foromani alifungua boksi lililotoka stoo, akaisoma fyuzi, akaifunga tena. Ampia zilezile, volti zilezile, lakini ilikuwa ya kukaa hewani. Fyuzi ya namna hiyo ukiizamisha, mafuta yanapenya, mchanga unalowa, na siku inapotakiwa kufanya kazi yake inapasuka ndani ya mafuta. Tulisubiri saa nzima iletwe inayostahili. Mlinzi wa pale alituona tumekaa kivulini, akatikisa kichwa, na nilijua anafikiri nini.

Saa 4 na nusu tulikuwa njiani, barabara ya udongo, matuta ya tumbaku yamelowa kushoto na kulia.

Saa 5 na robo tukafika. Transfoma ya 100 kVA juu ya nguzo mbili, kando ya mwembe mkubwa, na chini yake watu wapatao ishirini na ndoo na madebe ya mahindi. Juu, fyuzi mbili za pembeni zimedondoka. Ya kati imesimama kama hakuna kilichotokea. Na kijana mmoja wa mashine ya kusaga alikuwa ameshakata mti mrefu, mbichi, anaupima urefu kwa macho.

Nilipiga kelele kabla gari halijasimama. Mti mbichi una maji, na maji yanapitisha umeme. Zaidi ya hapo, kwa kuwa taa zilikuwa zimezimika, kila mtu pale aliamini ile transfoma imekufa. Haikuwa imekufa. Fezi moja ya laini ya 33 ilikuwa bado imeishika, na koili zote za upande wa msongo mkubwa zilikuwa na umeme. Tuliwarudisha watu nyuma hadi ng'ambo ya barabara.

Mwenye mashine ni mama mtu mzima, umri wa mama yangu mzazi. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, halafu akaanza.

"Mwanangu, tumewangoja tangu alfajiri. Pale juu kuna msiba, watu wamekuja kutoka Sikonge na Nzega, hakuna unga. Rudisheni hizo mbili, nisage madebe kumi tu, mengine mtafanya baadaye."

Nikamwambia, mama, tunaanza sasa hivi, lakini lazima kwanza tujue zimekatwa na nini. Akasema zimekatwa na radi, yeye mwenyewe aliisikia. Nikamwambia inawezekana. Foromani akapiga simu chumba cha udhibiti kupata kibali, tukazima upande wa msongo mdogo, nikachukua fimbo ndefu ya fiberi na kuiangusha ile ya kati. Tukapima, tukaunganisha waya wa ardhini, nikapanda.

Ngoja nieleze kile kifimbo. Ni mrija, ukutani kwa ndani umevikwa kitu kama karatasi ngumu. Katikati yake inapita fyuzi yenyewe, kipande kidogo cha madini chenye mkia wa waya wa kusuka. Mkia huo unavutwa na kufungwa chini kwa nati, na mvuto wake ndio unaokishikilia kifimbo kisimame. Umeme ukizidi, kipande kinayeyuka. Joto la cheche linaichoma ile karatasi ngumu, inatoa gesi, na gesi inaupuliza moto nje kwa mlio kama wa bunduki. Mkia ukishalegea, kichwa kinaachia na kifimbo kinaanguka, kinaning'inia, ili fundi akiwa chini aone ni fezi gani. Mimi nikikiona kimening'inia najua kimefanya kazi yake.

Nilifungua ile ya kati nikiwa juu ya mkanda. Hakukuwa na fyuzi. Palikuwa na uzi mmoja wa alumini, wa waya wa laini, umekunjwa vizuri juu na kubanwa na nati chini. Ulikuwa bado unang'aa, pamoja na yote yaliyotokea usiku ule. Nilikaa nao mkononi kwa muda, na sitaficha, nilihisi baridi tumboni.

Piga hesabu nawe. Transfoma ya 100 kVA kwenye 33 kV inakula ampia 1.75 ikiwa imebeba mzigo wake wote. Fyuzi tunayoiwekea ni ya ampia 5. Uzi ule wa alumini hauyeyuki mpaka upate zaidi ya ampia 200. Maana yake fezi ile haikuwa na ulinzi wowote.

Nikashuka nao. Mama alipouona, akafurahi.

"Si ndiyo hiyo! Alituwekea fundi mmoja mwaka jana. Tangu hapo hiyo haijawahi kukatika. Sasa ninyi badala ya kuweka na kwenye hizi mbili, mmeutoa hata huo mmoja uliokuwa mzima!"

Watu wakaitikia. Na hoja yake, ukiwa hujui, ina mantiki kabisa: kinachokatika ni kibovu, kisichokatika ni kizima. Nilijaribu kueleza. Alinikatiza mara tatu. Mara ya kwanza akasema yeye hununua umeme kwa pesa yake, haombi msaada. Mara ya pili akamgeukia foromani, akamwita baba, akamwomba aniamuru. Mara ya tatu akaketi juu ya ndoo yake na kusema kwa sauti ya chini kwamba aliyefariki ni ndugu yake, na hajui atawaambia nini wageni. Hapo nilikosa la kusema. Nikamwambia pole sana, mama. Nikarudi kwenye transfoma.

Foromani alikuwa ameshainama kwenye valvu ya kutolea mafuta. Nati yake ilikuwa na mikwaruzo mipya ya spana, inang'aa. Nguzo chini ya pale ilikuwa nyeusi kwa mafuta, na majani makavu ya mwembe yamegandamana. Nikatazama kioo cha kipimo: kitupu. Silika jeli, punje za kunyonya unyevu, ambazo zikiwa kavu ni za buluu, zilikuwa zimegeuka waridi zote. Tukatoa viungio na kupima kwa mega, kipimo cha kuonyesha kama umeme unavuja, kati ya koili za msongo mkubwa na bodi ya tangi. Nilitegemea mega-omu mamia. Sindano ililala kwenye sifuri.

Mafuta yalikuwa yameibiwa.

Mafuta ya transfoma yana kazi mbili, kupoza koili na kuzuia umeme usiruke. Tunayapima kwenye kikombe chenye vichwa viwili vya shaba vilivyoachana milimita 2.5, na mafuta safi yanatakiwa yastahimili angalau 30 kV katika nafasi hiyo kabla cheche haijaruka. Mwizi akiyatoa, koili za juu zinabaki hewani, zinachemka, unyevu unaingia, na inatosha radi moja. Hapo cheche ikiwaka ndani, inayavunja mafuta yaliyobaki kuwa gesi, haidrojeni na asetilini, gesi ile ya wachomeleaji. Gesi inajaa, tangi linapasuka, na mafuta yenye moto yanamwagika kwa aliye chini. Jana usiku hapakuwa na mtu chini. Leo mchana walikuwapo ishirini, na mmoja alikuwa na mti mkononi. Fyuzi mbili zile za pembeni ndizo zilizozuia.

Nilimwita mama, peke yake, nikamwomba aje aone. Nikamwonyesha kioo kitupu, nikampa kile kifimbo kilichoungua akinuse. Harufu ile ya karatasi na madini yaliyoungua haifanani na kitu kingine. Nikamwambia: "Mama, ningekurudishia hizi mbili kwa waya kama ulivyotaka, mimi ndiye ningekuwa nimesimama hapa chini." Hakujibu. Aliutazama ule uzi wa alumini, akaniuliza mafuta hayo huwa wanayapeleka wapi. Nikamwambia nimesikia wanayauza kwa wanaokaangia chakula, na kwamba transfoma za zamani nyingine zina kemikali za PCB, ambazo Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 umezipiga marufuku kwa sababu ni sumu inayokaa mwilini kwa miaka mingi. Akashika mdomo. Kisha akaita bodaboda wawili, akapakia madebe yake, akayapeleka kusagwa mjini kwa nauli yake.

Baada ya hapo sikumbuki saa vizuri. Foromani aliomba transfoma nyingine na lori la kreni. Tulisubiri chini ya mwembe. Nilikula michembe na yule kijana wa mafunzo. Aliniuliza swali zuri: kama transfoma inakula 1.75, kwa nini tusiweke fyuzi ya 2 iwe salama zaidi? Kwa sababu transfoma inapowashwa inavuta mkupuo wa mara 10 hadi 12 ya ampia zake kwa sehemu ya kumi ya sekunde. Fyuzi lazima ivumilie mkupuo huo kila siku na isivumilie hitilafu hata mara moja. Ndiyo maana kuna jedwali, na ndiyo maana halichezewi. Alitoa daftari akaandika. Nilifurahi mno kumwona anaandika.

Lori lilifika jua limeshaanza kulala. Kushusha ya zamani, kupandisha mpya, manyunyu yakianza tena, bolti zinateleza, mikono imejaa mafuta hadi kwenye viwiko. Mgongo uliniuma upande mmoja kwa ajili ya mkanda. Kuna wakati nilishindwa kukaza nati moja kwa sababu vidole vilikataa kufunga, nikasubiri, nikajaribu tena. Foromani aliimulika kwa tochi kutoka chini bila kunihimiza.

Fyuzi tatu mpya, za ampia 5. Nilizivuta mikia mwenyewe, moja moja, kwa mkono, kila mmoja mvuto uleule. Tukatoa waya wa ardhini, tukahesabu watu, tukapata ruhusa. Nikafunga za pembeni, ya kati mwisho. Transfoma ikaanza kuvuma, mvumo mzito, uliotulia. Tukapima volti 400 kati ya fezi na fezi, 230 kwa nyutro, tukahakikisha na mzunguko wa fezi, maana ukikosea hapo mota ya mashine inazunguka kinyume. Ndipo tukawasha msongo mdogo. Ilikuwa saa 3 usiku imepita.

Mama alikuwa amerudi. Hakuwasha mashine, unga alikuwa ameshaupeleka msibani. Alileta maji ya moto kwenye beseni na sabuni ya unga tunawe mikono, akasimama akinimiminia. Akasema, "Wabeja, mwanangu," yaani asante kwa lugha ya huku.

Ndani ya gari foromani alinipa fomu nijaze kwa mwanga wa simu. Fezi nyekundu: fyuzi ilikatika, imebadilishwa. Fezi ya buluu: fyuzi ilikatika, imebadilishwa. Fezi ya njano, ya kati: uzi wa alumini, umeondolewa. Akaisoma, akachukua kalamu, akaongeza kwa mwandiko wake kwamba transfoma nyingine zote za laini ile zifunguliwe na kukaguliwa mirija, kuanzia kesho saa 1.